Kiangazi Nilipobaki na Uso Wake

Dada yangu alifariki mwishoni mwa mwezi wa tano, asubuhi, akifagia mbele ya atelye yake ya kushona. Mama anayeuza nyanya upande wa pili wa barabara ndiye aliyemwona akiwa hai mara ya mwisho. Alitusimulia kwamba dada aliulaza ufagio chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu ndani ya nyumba, kisha akakaa kwenye kizingiti na kuegemea mlango. Yule mama alidhani anapumzika. Alimsalimia, hakujibiwa. Akamsalimia tena, halafu akavuka barabara kwenda kumgusa bega.

Tulikuwa mapasa, mimi na yeye, wa kufanana kabisa. Yeye alitangulia kuzaliwa, nami nikamfuata baada ya muda mfupi, na kwa sababu hiyo alijiona mkubwa wangu maisha yake yote. Sisi wenyewe hatukuitana kwa majina. Tuliitana "mwenzangu." Papa, aliyekuwa karani huko Bukavu kabla ya kutuhamishia Goma, alifariki bila kuwa na hakika hata siku moja ni nani kati yetu anayemletea chai. Ni mama peke yake ambaye hakukosea kamwe.

Dada alijifunza kushona, akaolewa, akapata binti. Mimi nilisomea ualimu, nikabaki na mama nyumbani kwetu Majengo, nikifundisha watoto wa mwaka wa pili wa shule ya msingi. Atelye yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu, kwenye barabara inayopanda kwenda Munigi. Kila siku nikitoka shuleni nilipitia kwake. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikasahihisha madaftari huku yeye akikanyaga mashini. Mara nyingi saa nzima ilipita hatujasema neno. Alipoondoka, kitu cha kwanza nilichokikosa ni kule kunyamaza tukiwa wawili. Kunyamaza peke yangu sikukujua. Nilikuwa sijawahi kunyamaza hivyo.

Kwenye kilio nyumba ilijaa watu. Wengine walitoka Bukavu kwa meli. Kabla ya kumlaza dada kwenye sanduku, wanawake wa ukoo walimfumua misuko yake na kumkata nywele fupi kabisa, na watu wote waliopita kumuaga walimwona hivyo, kichwa kidogo kama cha mwanafunzi. Baada ya mazishi, mimi nami nilikatwa kwa ajili ya msiba. Hakuna aliyefikiri kitakachofuata. Nilipoinuka kwenye kiti na kugeuka, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na sahani za wageni aliziachia zote zikaanguka. Nilidhani mikono yake imechoka.

Mvua ya mwisho ilinyesha katika juma la mazishi, kisha kiangazi kikaingia. Anayeijua Goma anajua vumbi letu la mwezi wa saba. Linatoka kwenye mawe meusi ya volkano, linakaa juu ya mabati, juu ya majani ya migomba, juu ya kope za watu. Ukungu mkavu unashuka, na asubuhi moja unaamka ukikuta ziwa halipo. Mlima nao haupo. Unajua viko pale pale, lakini macho yanakuambia mji umekatwa ukaachwa katikati ya kitu cheupe. Mwaka ule hata ndege zilikuwa zimeacha kuruka kwa sababu ya vita, kwa hiyo juu hapakuwa na sauti yoyote. Shule zilifungwa. Wenzangu walimu walienda kwao, kila mtu na familia yake. Mimi nilibaki na siku ndefu ambazo hazikuwa na mahali pa kupitia mchana.

Nilianza kutambua jambo lile kidogo kidogo. Dereva wa pikipiki aliyezoea kumpeleka dada kanisani aliniona kwenye kona, akafunga breki, akafanya ishara ya msalaba, akageuza njia pamoja na abiria wake. Mama wa nyanya, ambaye tangu zamani alikuwa akinishika mkono na kunitania, sasa aliziweka nyanya zangu kwenye ukingo wa ubao na kurudi nyuma hatua moja, akisubiri nizichukue. Kwenye foleni ya maji watu walininyamazia. Sikutukanwa, sikufukuzwa. Walikuwa tu wakiniachia nafasi kubwa kuliko anayoihitaji mtu mmoja.

Nyumbani hali ilikuwa ile ile. Mama aliacha kuniangalia usoni. Aliponisemesha alielekeza macho kwenye mabega yangu au kwenye mlango nyuma yangu. Juma moja baada ya watu wa kilio kuondoka, aliniomba niwe nikisema neno kabla ya kuingia chumba alichomo.

"Neno gani, mama?" nilimuuliza.

"Lolote. Nisikie sauti kwanza."

Basi nikawa nikisimama nyuma ya pazia la nyumba yetu wenyewe na kusema, "Ni mimi," halafu nikingoja. Wakati mwingine alikawia kujibu. Nilisimama pale nikisikia pumzi zake upande wa pili, naye bila shaka akisikia zangu.

Binti wa dada alikuwa na miaka mitatu. Nilipoenda kumwona mwanzoni mwa mwezi wa saba, alikimbia kutoka ndani huku mikono imenyooshwa, akiita, "Mama, mama." Alipobakiza hatua mbili, alisimama. Sijui aliona nini. Labda harufu haikuwa ile, labda namna nilivyoinama haikuwa ile. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akarudi nyuma bila kunipa kisogo, hatua kwa hatua, hadi akagusa ukuta. Hakulia mbele yangu. Baba yake aliniambia baadaye kwamba alilia siku mbili na kukataa kula. Shemeji ni mtu mpole. Alinifuata hadi barabarani, akazungumza huku akitazama viatu vyake.

"Shemeji, usinifikirie vibaya," alisema. "Ninakuomba usikuje kwanza. Acha mutoto asahau kidogo."

Nilimjibu kwamba nimeelewa, na kweli nilielewa. Nilitembea kurudi nyumbani nikijiuliza ni nani hasa anayetakiwa kusahauliwa.

Siku zile nilikuwa na kioo kidogo juu ya meza yangu. Mwanzoni nilikigeuza kitazame ukuta. Baadaye nilianza kukitafuta. Mchana, mama akiwa amelala, nilikaa mbele ya kioo na kumtazama dada yangu jinsi alivyokonda, jinsi macho yake yalivyoingia ndani. Siku moja nilimsalimia. Nilisema, "Mwenzangu," nikaona midomo yake ikiliunda neno lile lile kwa wakati ule ule, na badala ya kuogopa nilisikia raha mwilini kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. Nalisimulia hili ili ieleweke nilikuwa nimefika wapi siku nilipokutana na mama wa Kibati.

Ilikuwa mchana, karibu na mahali malori yanayotoka upande wa kaskazini yanaposhusha watu. Mwanamke mzima, mwenye kitambaa cha njano kichwani na gunia la viazi vitamu miguuni, aliniona kutoka mbali akatabasamu. Nilitazama nyuma yangu kuona anamtabasamia nani. Alikuja moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa mikono mikavu yenye joto. Tangu nilipokatwa nywele hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

"Mama, nimetoka Kibati kukutafuta," alisema. "Robe yangu iko wapi? Sikukuu ya Bikira Maria inafika na mimi sina cha kuvaa. Na umekata nywele! Lakini inakukubali."

Nilijua ninachopaswa kusema. Nilikuwa nimekisema mara nyingi kwa wateja wengine, maneno matatu tu: mimi si yeye. Lakini mikono ile ilikuwa bado imeushika wangu, na kwa yule mwanamke, pale barabarani, dada yangu alikuwa mzima, amechelewesha tu kazi. Nikasikia kinywa changu kinajibu kwa sauti ya haraka, sauti ya dada, kwamba robe imebaki kidogo, na kwamba nitampelekea mwenyewe hadi Kibati kabla ya sikukuu. Alinieleza tena njia ya kwake, akanichagulia viazi vinne vikubwa, akaenda zake. Nilibaki nimesimama na viazi kifuani, nikiwa na furaha ya mwizi.

Nilimwomba shemeji ufunguo wa atelye. Nilimwambia nataka kupanga vitambaa vya wateja ili virudishwe kwa wenyewe, na hilo lilikuwa kweli nusu. Tangu siku ile ya ufagio hakuna aliyekuwa ameingia. Vumbi lilikuwa limepenya chini ya mlango likatandika sakafu yote, laini, bila alama ya mguu. Robe ilikuwa kwenye mashini. Kitambaa cha kikwembe, cha buluu chenye ndege weupe, mkono mmoja umeshikizwa, mwingine umeshonwa hadi nusu, na sindano bado imezama ndani ya kitambaa mahali alipoiacha alipotoka kwenda kufagia.

Dada alikuwa amenifundisha kushona kidogo, kwa michezo. Nilikaa kwenye kiti chake. Niliweka miguu mahali chuma kilipong'arishwa na miguu yake, nikashika gurudumu, nikaendeleza mshono. Uzi ulikuwa wa mkono wake hadi pale, na kuanzia pale wa kwangu. Kwa macho haikuonekana tofauti.

Nilifanya kazi siku sita, mchana tu, mlango ukiwa wazi nusu ili mwanga uingie. Siku ya pili mama wa nyanya alihamisha meza yake akaipeleka mbele, karibu na kinyozi. Siku ya tatu niliona watoto wamekusanyika ng'ambo ya barabara, wametulia, wakisikiliza mashini. Nilipoacha kukanyaga walikimbia. Nilipoanza tena, baada ya muda walirudi. Maneno yalikuwa yameshatembea mtaani kwamba mshonaji amerudi kumaliza kazi za watu. Nilipaswa kutoka nje na kusema, "Ni mimi." Sikutoka.

Siku ya tano shemeji alikuja. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nimeinamia pindo, sikumsikia akiingia. Nilisikia sauti yake tu, ya chini, ya kawaida kabisa, sauti ya mume anayepita kazini kwa mke wake saa saba ya mchana.

"Umekula?"

Kwa kitambo sikuweza kugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka nitamuua dada mara ya pili mbele ya macho yake. Mwishowe niligeuka.

"Ni mimi, shemeji."

"Najua," alisema. "Watu waliniambia kuna mutu anashona humu. Nilijua ni wewe. Lakini nilipofika pale mlangoni, kinywa kilisema chenyewe."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, pale nilipokuwa nikikaa mimi. Hatukutazamana. Alikaa kama dakika kumi, akaniomba nikimaliza nifunge vizuri, akaondoka.

Mkesha wa sikukuu nilipanda pikipiki asubuhi kwenda Kibati. Robe ilikuwa ndani ya mfuko, imepigwa pasi. Tulipanda kupita Munigi, na kadiri tulivyousogelea mlima ndivyo ukungu ulivyozidi kuwa mzito, ingawa nilijua mlima uko hapo hapo, mkubwa, unatutazama. Tulipita mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi. Mahema yaliondolewa mapema mwaka ule, na uwanja wote ulibaki na mawe meusi waliyokuwa wameyapanga kuzuia maji ya mvua, mraba baada ya mraba, kila mmoja wa ukubwa wa kitanda, hadi macho yanapoishia. Kipande cha hema kilikuwa kimenaswa kwenye jiwe kikipigwa na upepo. Dereva, aliyekuwa akizungumza njia nzima, alinyamaza mpaka tulipopamaliza.

Humo ndimo dada alimokutana na mama wa Kibati. Nililijua hilo baadaye tu, kutoka kwake. Vita vilimfukuza shambani kwake, akaishi kambini karibu miaka miwili, na dada, aliyekuwa akienda na akina mama wa parokia kugawa nguo, alimpenda akawa akirudi peke yake kumwona. Kambi ilipovunjwa, yule mama alirudi Kibati kuanza upya. Ndiyo maana habari ya kifo haikumfikia.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao mpya, imesimama kwenye mawe, na maharage yakiota kila penye udongo. Alinipokea kwa shangwe ndogo ya mtu aliyekuwa akingoja. Alivaa robe pale pale juu ya nguo zake, akazunguka, akanyanyua mikono kujaribu makwapa, akasema haijawahi kushonwa robe kama ile. Kisha alinikalisha kwenye kigoda mbele ya mlango, akaniletea viazi na maharage, akakaa karibu nami akiwa bado ameivaa. Alizungumza sana. Nilikuwa nikijibu kwa kifupi na kucheka haraka haraka, kama dada. Nilikuwa nimeshaizoea sauti ile. Nilikuwa nikifikiri kwamba naweza kuja hapa kila mwezi, na kwamba pakiwepo mahali pamoja tu duniani ambapo hajafa, inatosha.

Alipunguza sauti, ingawa tulikuwa peke yetu.

"Na yule mwenzako, mwalimu," alisema. "Ulishamwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Juu ya moyo."

Nilikuwa na kiazi mkononi. Nilikitazama. Alidhani naona haya, akanigusa goti.

"Ulisema utamwambia nyuma ya Pasaka. Pasaka imepita. Dawa unakunywa? Kila nikikuuliza unacheka tu."

"Nilikuambia kwa nini sikutaka ajue?" niliuliza, na sauti haikuwa tena ya dada wala yangu.

"Umesahau? Ulisema akijua ataanza kusikiliza wake mchana na usiku. Ulisema atakufa kwa woga, akutangulie."

Kuku alipita, akadonoa karibu na mguu wangu, akaenda. Nilikuwa nimeingia mahali ambapo dada alinifungia mlango, na nilikuwa nimeingia nikiwa nimevaa uso wake.

"Mama," nilisema, "mimi ndiye mwalimu. Yeye alifariki mwezi wa tano."

Mkono wake uliondoka kwenye goti langu ukabaki hewani. Hakupiga kelele. Alinitazama paji la uso, masikio, shingo, na nywele fupi alizozisifu barabarani. Kisha aliinuka taratibu, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Simama," alisema. "Toka uende pale kwenye jua."

Nilienda. Nilielewa anachotafuta, kwa hiyo nami nilitazama chini. Lakini jua la kiangazi chetu linapita kwenye vumbi lote lile kabla ya kufika ardhini, na ardhi yenyewe ni nyeusi. Kivuli changu kilikuwa hafifu, kama maji yaliyomwagika yakakaribia kukauka. Tulikitazama wote wawili, mimi na yeye, na nitakiri kwamba kwa muda ule sikuwa na hakika zaidi yake.

Aliuliza amezikwa wapi, nikamwambia. Aliuliza mtoto yuko na nani, nikamwambia. Ndipo alipoanza kuivua robe, kwa uangalifu, kifungo kimoja kimoja, akaikunja na kuiweka juu ya kigoda nilichokuwa nimekalia. Machozi yalikuwa yakimtoka lakini sauti ilikuwa kavu.

"Umenifanya niongee na mufu," alisema. "Umenifanya nimushike mukono."

Nilimwomba msamaha. Nilipiga magoti kwenye mawe. Hakunikaribia, na hakunifukuza pia. Alikaa kwenye kizingiti chake akalia kwa muda mrefu, kilio cha mtu anayeanza msiba ambao wengine wameshaumaliza, nami nikabaki palepale kwa sababu ilikuwa haki yake kuwa na mtu wa kulia naye. Mwishoni alijipangusa uso kwa kitambaa cha njano.

"Kwenda nyumbani, mutoto," alisema. "Kwenda uulize watu wako."

Robe niliiacha kwenye kigoda. Sijui kama aliivaa kesho yake. Nilikutana naye mwezi wa kumi na moja sokoni. Alinisalimia, akaniita mwalimu, akaniuliza hali ya mtoto, na hatukugusia mengine.

Kutoka Kibati nilienda moja kwa moja kwa shemeji. Alikuwa akifua nguo za binti yake uani. Nilimuuliza kama alijua. Hakuacha kukamua nguo aliyokuwa ameishika.

"Nilijua," alisema. "Alinikataza. Na mama alijua. Ni wewe peke yako."

Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima mwenzangu, maneno mabaya, naye akayapokea ameinamisha kichwa. Nilitembea kwenda nyumbani nikiwa na hasira iliyonipa nguvu ya ajabu. Watu walinipisha njia nami sikujali. Nilifika, nikapita pazia bila kusema chochote, nikasimama mbele ya mama yangu alipokuwa akichambua sombe, majani ya muhogo.

Alishtuka akaangusha majani.

"Kwa nini hukuniambia?" nilisema. "Kwa nini ulinitenga, mama? Unaniogopa kama wale wa barabarani?"

Mama aliangalia mikono yake.

"Ninyi ni mayai ya kiota kimoja," alisema. "Munganga aliponiambia juu ya moyo wa dada yako, niliwaza wa wewe. Alipoanguka, nikajua sasa inabaki zamu yako. Kila asubuhi ninangojea. Nikikuangalia uso ninaona siku ile. Nilikuomba useme kabla ya kuingia, kusudi nijue kama bado uko."

Alikuwa amekaa kwenye nyumba ile miezi karibu mitatu akinisikiliza. Kila nilipokawia sokoni, kila nilipolala mchana, kila nilipokaa kimya mbele ya kioo. Nami nilikuwa nikidhani ni mimi mpweke. Nilikaa chini kwenye majani ya sombe, na kwa mara ya kwanza tangu kilio tulilia tukiwa pamoja.

Siwezi kusema mambo yaliisha hapo. Sasa nilikuwa nimejua, na dada alikuwa amenijua vizuri: nilianza kusikiliza. Nikiosha vyombo nilisikiliza. Nikiwa kanisani, padri akihubiri, nilikuwa nimebana vidole kwenye kifundo cha mkono. Moyo ukisikilizwa sana unakuwa kama hatua za mtu chumba cha pili, na nilikuwa nikijiuliza ni hatua za nani.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mama alinipeleka kwa daktari. Alikataa niende peke yangu. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu, alinisikiliza mbele na mgongoni, akanilaza akanipitisha kwenye mashini inayoonyesha moyo kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu. Alituambia moyo wangu ni mzima. Mama hakuamini, akaeleza habari ya mapasa. Daktari akauliza kama dada, utotoni, alishawahi kupata homa ya koo na maumivu ya viungo. Mama alifumba macho. Tulikuwa na miaka tisa, alisema. Papa alikuwa amenipeleka mimi Bukavu kwa shangazi, majuma mawili, na dada akabaki Goma akaugua magoti yakavimba, akapona kabla sijarudi. Daktari alisema huenda ni homa ile iliyouharibu moyo, pole pole, kwa miaka yote iliyofuata.

Tulitoka nje. Majuma mawili. Hatukuwahi kutengana muda mrefu kama huo kabla wala baada, na ndani ya majuma hayo alipata kitu ambacho mimi sikupata. Mama alinishika mkono njia nzima kama naenda shule ya chekechea. Aliniangalia usoni, akaangalia mbele, akaniangalia tena.

Mvua ilirudi mwezi wa tisa na shule zikafunguliwa. Shemeji na mimi tulipatana bila hotuba. Siku moja alimleta binti yake kwetu asubuhi kwa sababu alikuwa na safari, na siku iliyofuata akamleta tena. Mtoto alinizoea taratibu. Kwanza alinikubali kwenye benchi moja naye, kisha kwenye sahani moja. Siku hizi ananiita mama mudogo, na wala halazimishwi.

Sasa ni kiangazi kingine. Ziwa limepotea tena, na nyumba za jirani zimefungwa kwa sababu watu wamesafiri. Upweke umerudi nao, ila huu naujua. Unakaa nami mchana uani na hausemi kwa sauti ya mtu. Dada namlilia kwa jina lake, na kioo nakitumia kuchania nywele.

Mtoto anaanza shule mwezi wa tisa. Juzi nilimpeleka mtaa wa Lac Vert kwa fundi mmoja anayeshona iniforme, mzee aliyehamia huko hivi karibuni, hajui mtu wa upande wetu. Alimsimamisha mtoto juu ya sanduku, akachukua kamba yake ya kupimia.

"Huyu ni wako?" aliniuliza.

"Wa dada yangu."

"Na dada yako hakukuja?"

"Alifariki, muzee. Mwaka jana."

Alisema pole. Akamwomba mtoto anyooshe mikono, akaendelea kumpima mabega.